Rangi tatu, mwisho mmoja: Kamanda Shepard alistahili zaidi!

Leo habari za fumanizi na wake wenza naziweka pembeni kidogo. Nataka tuongee kitu ambacho ukikitaja mbele ya wazee wanakuona huna kazi ya kufanya: gemu. Ndiyo, magemu haya haya ya kwenye televisheni yanayowafanya vijana wasahau kula. Na wewe dada usigeuze ukurasa, maana kasheshe lenyewe lina mapenzi ndani yake, lina misiba, lina ahadi zilizoota mbawa, na katikati kuna keki mia nne.

Waliokulia kwenye vibanda vya video wanaijua sheria ya picha: steringi hafi. Apigwe, afungwe kamba, atupwe mtoni, lakini mwisho lazima asimame na adui awe chini. Ikitokea steringi kafa, watu wananuna na wengine wanadai kiingilio chao. Ndiyo maana mwaka 2012, mashabiki wa gemu linaloitwa Mass Effect walipoanza kupiga kelele karibu dunia nzima, watu wa pembeni walidhani ni ugonjwa ule ule. Eti watoto wamenuna kwa sababu steringi wao kafa.

Mimi nasema hapana. Waliosema hivyo hawakuliangalia vizuri hilo gemu.

Kwa wale wasiokijua kisa, Mass Effect ni kazi ya kampuni ya BioWare ya Edmonton, Kanada. La kwanza lilitoka Novemba 2007, la pili Januari 2010, la tatu Machi 6, 2012. Ndani yake wewe ni Kamanda Shepard, mwanajeshi wa karne ya 22 mwenye meli ya angani inayoitwa Normandy. Shepard unamtengeneza mwenyewe. Awe mwanamume au mwanamke, sura unayoitaka wewe, mpole au mkorofi. Wa kwako na wa jirani yako ni watu wawili tofauti. Adui ni Reapers, mashine kubwa kuliko ghorofa lolote ulilowahi kuliona, zenye akili zao wenyewe. Kila baada ya miaka 50,000 zinatoka gizani nje ya galaksi, zinavuna viumbe wote walioendelea, halafu zinarudi kulala. Safari hii zamu imefika kwa binadamu na majirani zake.

Mpaka hapo ni picha ya kawaida, hakuna la ajabu. Kilichowakamata watu ni kwamba gemu hili lilikuwa linakumbuka. Ukimaliza la kwanza, kumbukumbu zako unaingia nazo kwenye la pili, kisha la tatu. Kule kwenye sayari ya Virmire ulibanwa uchague nani afe kati ya askari wako wawili, Ashley na Kaidan. Uliyemwacha afe ndiyo kafa hivyo, mpaka gemu la tatu hayupo. Kuna Wrex, lile jitu la kabila la krogan. Siku hiyo hiyo ya Virmire anakupandia na bunduki mkononi, na ukishindwa kumtuliza kwa maneno anauawa. Basi gemu la tatu ukifika kwao unamkuta mwingine kakalia kiti chake, tena mtu mwenye roho mbaya. Ulianza mapenzi na Liara? Anakumbuka. Ulimwacha ukaenda kwa mwingine? Anakumbuka pia, na itabidi useme unamtaka nani.

Sasa mtu aliyekaa na hadithi ya namna hiyo miaka mitano, akazunguka kila kona kufanya na zile kazi ndogondogo mpaka saa zikapita mia moja, utamwita mtazamaji? Huyo si mtazamaji. Huyo ni kama wale wajukuu wanaoitikia hadithi ya bibi jioni. Wakinyamaza wao na bibi anaacha kusimulia. Kabla gemu la tatu halijatoka, mkurugenzi wake Casey Hudson aliwaahidi watu kwenye mahojiano kwamba mwisho hautakuwa ule wa kusema umepata A, au B, au C. Kumbuka hayo maneno, tutayarudia.

Basi twende London, ndiko vita ya mwisho inakopiganwa. Shepard kazunguka galaksi nzima akiomba majeshi, na majeshi yamekuja. Wamekuja turian, wamekuja asari, wamekuja krogan ambao tangu zamani hawapatani na mtu. Kule juu mataifa yote yameungana kuunda silaha moja kubwa inayoitwa Crucible, ambayo ramani yake iliachwa na waliovunwa zamani. Silaha inatakiwa iunganishwe na kituo cha Citadel, nacho kimetekwa na Reapers. Shepard anakimbia kwenye mwale wa mwanga unaopandisha watu huko, anapigwa, anafika juu akivuja damu. Mkubwa wake wa siku zote, Anderson, naye kafika. Wanamaliza ugomvi na msaliti mmoja, kisha wanakaa chini wawili, wanaitazama Dunia kupitia dirishani. Wanaongea kidogo. Anderson anafia pale pale alipokaa.

Jamani, sehemu ile ni tamu. Ni tamu kwa uchungu wake. Kama wangezima taa hapo hapo, leo nisingekuwa na cha kuandika.

Hawakuzima. Redio inaita kwamba silaha imegoma. Shepard anajikokota, anazirai, sakafu inampandisha juu kama lifti, na huko anakutana na mtoto. Mtoto! Anang'aa kama taa, na sura yake ni ya mtoto aliyekufa mwanzoni mwa gemu. Huyu kabla ya hapo hujapata kumsikia katika magemu yote matatu, na sasa anakwambia yeye ndiye bwana wa Reapers. Sababu yake? Eti siku zote viumbe wa nyama watatengeneza mashine, mashine zitaasi, na viumbe wa nyama wataangamia wote. Kwa hiyo yeye kaunda mashine za kuwavuna viumbe wa nyama ili mashine zisije zikawaangamiza viumbe wa nyama. Soma tena hiyo sentensi taratibu. Umeelewa? Hata mimi.

Halafu anakupa njia tatu. Ya kwanza uziangamize Reapers, lakini na mashine zote zenye akili zife nazo; hiyo rangi yake nyekundu. Ya pili ufe wewe, akili yako iwe ndiyo inayoziongoza. Hiyo ya bluu. Ya tatu ujirushe kwenye mwale ili nyama na mashine vichanganyike viwe kitu kimoja katika galaksi nzima, hadi majani ya miti; hiyo ya kijani. Unachagua. Mlipuko unatokea, unasambaa nyota kwa nyota, halafu meli yako Normandy inaonekana ikikimbia vita, haijulikani kwa nini, inaanguka kwenye sayari ya misitu. Mlango unafunguka, wenzako wanatoka. Basi. Filamu ile ile, tofauti ni rangi ya mlipuko. Nyekundu, bluu, kijani. A, B, C.

Sasa narudi kwenye lile la steringi kufa. Ndani ya gemu hilo hilo la tatu, saa kadhaa kabla, kuna daktari anaitwa Mordin. Zamani alishiriki kuudumisha ugonjwa uliowafanya krogan wasizae. Sasa anapanda mwenyewe kwenye mnara unaolipuka kwenda kumwaga dawa ya kuwaponya, akijua hashuki tena. Watu wazima walilia. Kuna Thane, anayefia hospitalini akisaliwa. Kuna Legion, mashine ya kabila la geth, anayejitoa ili wenzake wawe na nafsi zao. Hivi umesikia maandamano yoyote kwa ajili ya hao? Hakuna. Watu walilia, wakajifuta machozi, wakaendelea. Gemu hili lilishawazoesha misiba. Ukiniambia hasira ilikuwa ni ya kifo, nieleze kwanza hivyo vifo vingine vilipita vipi.

Hasira ilikuwa ya mtu aliyefutiwa daftari lake. Chukua mfano wa hao geth. Ni mashine zilizotengenezwa na kabila la quarian, zikawapiga watengenezaji wake zikawafukuza kwao, miaka 300 hivi. Ukifanya kazi yako vizuri toka gemu la pili, kwenye la tatu unawapatanisha. Quarian wanarudi nyumbani, na geth wenyewe wanawasaidia kujenga. Umekiona kwa macho yako! Kisha anakuja mtoto wa taa anakwambia mashine na waliozitengeneza hawawezi kupatana kamwe, na Shepard wako, yule aliyekuwa anabishana na wafalme na mabaraza, anamtazama kama aliyemwagiwa maji. Hana hata neno moja la kusema, "Angalia kule dirishani, si wale pale wanapigana bega kwa bega?" Hakuna kitufe cha kusema hivyo. Humo ndani kulikuwa na rubani wako Joker aliyependana na EDI, ambaye ni akili ya meli yenyewe. Naye pia hakutajwa kama ushahidi.

Kuna na hili la malango. Safari zote za galaksi hiyo zinategemea malango makubwa yanayorusha meli kutoka nyota moja kwenda nyingine. Mwisho wa gemu yote yanapasuka. Sasa kuna kipande cha ziada cha gemu la pili kilichotoka mwaka 2011, kinaitwa Arrival. Humo Shepard analipua lango moja tu, na jirani zake zaidi ya 300,000 wanakufa papo hapo, mfumo mzima wa nyota unafutika. Mashabiki si wajinga, wakapiga hesabu. Lango moja limeua hao, yakipasuka yote je? Na hata tukisema hayakuua mtu, majeshi yote yamekwama Duniani hayana pa kurudia. Turian na quarian miili yao haipokei chakula cha binadamu. Yaani umewaalika watu harusini, umewafungia mlango, na pilau lenyewe hawawezi kulila!

Kilichomaliza mchezo kabisa ni kikaratasi cha mwisho kwenye kioo. Baada ya babu mmoja kumaliza kumsimulia mjukuu habari za Shepard (sauti ya huyo babu ni ya Buzz Aldrin, yule mtu wa pili kukanyaga Mwezi, hongera zao kwa hilo), linatokea tangazo kwamba Shepard kawa shujaa wa kusimuliwa, na wewe sasa unaweza kuendeleza sifa zake kwa kununua vipande vya ziada. Msiba haujatoka matanga, mtu anapitisha bakuli!

Ndipo moto ukawaka. Wako waliotukana waandishi, na hao siwatetei, matusi ni uhuni tu. Lakini wengi walikuwa na akili zao. Walianzisha mchango kwa jina la kulirudisha gemu lao, zikapatikana zaidi ya dola 80,000 kwa shirika la Child's Play linalopeleka magemu na vitu vya kuchezea kwa watoto walio hospitalini, mpaka shirika lenyewe likaomba wasimame, maana wengine walidhani wananunua mwisho mpya. Kundi jingine likachanga, likapeleka ofisini kwa BioWare keki ndogo kama 400. Juu zimepakwa rangi nyekundu, bluu na kijani. Ukiuma, zote ladha moja! Hiyo ndiyo barua ya malalamiko niliyoipenda kuliko zote. BioWare nao kwa busara yao hawakuzila, wakazipeleka kwenye makao ya vijana wasio na pa kuishi.

Kukatokea na wanaosema msanii asiguswe. Kazi ni yake, mwisho ni wake, ukiona chungu tema. Hoja hiyo naiheshimu, ila wanaoitoa wanazungumza kana kwamba jambo hili lilizaliwa mwaka 2012. Arthur Conan Doyle alimwua Sherlock Holmes mwaka 1893 kwa kumtupa kwenye maporomoko ya maji kule Uswisi. Wasomaji wakamjia juu, na mwaka 1903 akamrudisha hai. Charles Dickens aliandika mwisho mmoja wa Great Expectations, rafiki yake Bulwer-Lytton akamwambia huu hauwapendezi watu, akaandika mwingine na ndio uliochapishwa mwaka 1861. Na kwenye magemu yenyewe kuna Fallout 3 la mwaka 2008. Mwishoni mtu anatakiwa aingie kwenye chumba chenye mionzi inayoua. Una mwenzako pembeni, Fawkes, ambaye mionzi haimdhuru hata kidogo. Ukimwomba aingie anakataa, eti hiyo ni ahadi yako wewe! Watu wakacheka kwa hasira. Mei 2009 Bethesda wakatoa kipande kinaitwa Broken Steel, Fawkes akakubali kuingia, na hata ukiingia wewe unazinduka. Hakuna aliyesema sanaa imekufa.

BioWare nao walisikia. Juni 26, 2012 walitoa nyongeza ya bure waliyoiita Extended Cut. Tuwape haki yao, walifanya kazi. Malango sasa yanaharibika lakini yanatengenezeka. Normandy inaonyeshwa ikija kuwachukua wenzako waliojeruhiwa, kwa hiyo huulizi tena wamefikaje melini. Baada ya mlipuko kuna picha zinazoonyesha nani alikuwa nani na alifanya nini, na sauti inasimulia. Ukichagua nyekundu anasimulia Admirali Hackett, ukichagua kijani anasimulia EDI. Na lile tangazo la bakuli wakalibadilisha.

Wakaongeza na njia ya nne, na hapa ndipo nilipocheka peke yangu. Sasa unaweza kumkatalia yule mtoto. Unamwambia sichagui chochote, au unampiga risasi. Sauti yake inageuka nzito, anakubali shingo upande, na majeshi yako yote yanakufa. Galaksi inavunwa. Ujumbe alioufukia Liara unakuja kuwasaidia watakaofuata baadaye sana, ndio wanaoshinda. Ni kama mteja karudisha chakula jikoni, mpishi anamwambia sawa, basi lala njaa.

Kwa hiyo Extended Cut ilijibu maswali ya nani kafikaje wapi. Yule mtoto hawakumgusa. Wakamwongezea maneno, na Agosti mwaka huo wakatoa kipande kingine, Leviathan, cha kueleza ametoka wapi. Unamweleza mgeni ambaye watu wanataka atoke nje!

Mashabiki wenyewe walitafuta dawa zao. Wako waliosema Shepard tangu alipopigwa na mwale London alikuwa anaota, Reapers wamemwingia akilini, kwa hiyo mtoto ni mtego na nyekundu tu ndiyo kuamka. Ushahidi wao si mdogo. Ukichagua nyekundu ukiwa na majeshi ya kutosha, mwishoni unaona mtu kwenye kifusi anavuta pumzi. Na ilikuja kujulikana kwamba watengenezaji waliwahi kufikiria sehemu ambayo unapoteza uwezo wa kumwongoza Shepard wako, wakaiacha kwa sababu ilikuwa ngumu kuitengeneza. Nadharia nzuri, lakini inakuacha na gemu lisilo na mwisho kabisa.

Wengine wakachokonoa programu yenyewe ya kompyuta, wakatoa kitu kinachoitwa MEHEM. Hiki kinamwondoa mtoto. Anderson anakufa, silaha inalipuka, Normandy inakuja kumchukua Shepard, anarudi kwa wake. Nusu ya kwanza nawaunga mkono kwa mikono miwili. Nusu ya pili imezidi sukari. Na wako wanaosema bora wangefuata wazo la zamani la mwandishi Drew Karpyshyn, la nishati ya giza inayozeesha nyota kabla ya wakati wake, ambalo liligusiwa kwenye gemu la pili kule Haestrom. Sina hakika. Katika wazo lile pia ungefika mwisho, adui akueleze sababu zake, kisha uchague. Umebadilisha mtoto, kitanda ni kile kile.

Sasa mimi ningefanyaje? Ningefungua kabati la BioWare wenyewe. Dawa wanayo, waliipika mwaka 2010.

Mwisho wa gemu la pili unaitwa safari ya kujiua, na kila aliyeucheza anaukumbuka. Unaingia kwa adui na timu yako. Kabla hujafika, meli inashambuliwa. Kama ulikuwa bahili hukununua ngao na mizinga, mtu anakufa hapo hapo. Ukiingia, unaulizwa nani apite kwenye bomba kufungua milango. Ukimtuma asiyejua mitambo, kafa. Nani aongoze kikosi cha pili? Ukimpa Garrus, sawa, ni kiongozi. Ukimpa mtu asiyejua kuongoza, mwingine anazikwa. Nani ashike ngao ya kuwakinga na wadudu? Na kama mtu wako ulimpuuza, hukumsaidia shida zake za nyumbani, siku hiyo akili yake haipo na kifo kinamkuta. Unaweza kuwatoa wote salama. Unaweza kumpoteza hata Shepard mwenyewe. Hakuna mtoto wa taa anayekuuliza unataka rangi gani. Ulichopanda ndicho unachokula.

Hiyo ndiyo ningeipeleka London, niikuze mara kumi. Majeshi uliyokusanya katika gemu la tatu yaliishia kuwa namba kwenye daftari. Na wakati linatoka, namba yenyewe ilikatwa nusu kama hukuwahi kwenda kucheza na watu wengine kwa mtandao, jambo lisilohusiana hata kidogo na hadithi. Ndugu yangu, mtu hajui uchungu wa namba. Mpe mtaa.

Wrex na krogan wake wape mtaa waushike. Kama kule Tuchanka uliwadanganya kuhusu ile dawa ya uzazi, mtaa uwe mtupu, na Reapers wapitie hapo kukuzunguka, uone kwa macho kile ulichokiuza. Jack, yule msichana mkorofi wa gemu la pili, sasa ni mwalimu, na gemu linakuuliza vijana wake wakae mstari wa mbele au wasaidie kwa ngao zao nyuma. Jibu lako linarudi kama barua tu. Barua! Waweke wale vijana pale kwenye mwale, ngao zao ndizo zikufunike ukikimbia, na kama uliwatuma mbele wakaisha, basi ukimbie bila ngao. Geth na quarian uliowapatanisha ndio wailinde Crucible juu, upande ambao bila wao uko wazi. Malkia wa rachni uliyemwacha hai mwaka 2007 aonekane naye. Maana kwa yeye walifanya usanii mbaya zaidi. Hata kama ulimwua kwenye gemu la kwanza, la tatu wanakuletea malkia bandia ili hadithi isipinde.

Silaha yenyewe iachwe ilipuke pale Anderson anapofumba macho. Iliyoundwa vibaya iiunguze na Dunia. Hilo wazo tayari wanalo, kwa waliokuja na majeshi kiduchu. Iliyoundwa vizuri iziue Reapers peke yao. Geth waliopata nafsi zao kwa damu ya Legion wasife kwa sababu eti rangi nyekundu ndiyo bei yake.

Na Shepard? Afe, sina kinyongo, kama kweli hukujiandaa. Ila kama ulijiandaa, atolewe kwenye kifusi na mtu ambaye wewe ulimtoa kwenye kifo huko nyuma. Kwako awe Wrex, kwa jirani yako awe Tali, kwa mwingine asitokee mtu kwa sababu aliwamaliza wote njiani. Hapo steringi kafa au kapona, hakuna wa kudai kiingilio.

Najua kuna watakaoniambia gemu lote la tatu ndilo mwisho wenyewe, Mordin mnarani ni mwisho, Rannoch ni mwisho. Ni kweli, na ndiyo maana saa zile nyingi za kwanza ni nzuri hivyo. Lakini saa ya mwisho ndiyo inayokaa kinywani. BioWare wenyewe naona walilijua hilo, maana Machi 2013 walitoa kipande kinaitwa Citadel, hakina mtoto wala mlipuko wa rangi. Shepard anapewa nyumba, anawaita rafiki zake wote, wanakunywa, wanataniana, wanalala kwenye makochi. Waulize waliokicheza. Wengi watakwambia hiyo ndiyo kwaheri yao, na wako wanaokiweka kiwe cha mwisho kabisa kukicheza, kisha wanazima deki.

Mwaka 2017 walitoa Mass Effect: Andromeda, na hapo walikimbia swali mchana kweupe. Waliwapeleka watu galaksi nyingine kabisa, safari iliyoondoka kabla vita haijaanza, ili asiwepo wa kuuliza ilichaguliwa rangi gani. Mei 2021 wakatoa yale matatu ya zamani yamesafishwa, mwisho ni ule ule wenye nyongeza. Novemba 2020 walishatangaza gemu jipya, na Desemba wakatoa picha fupi. Liara, kazeeka kidogo, anatembea kwenye theluji, anaokota kipande cha vazi la kivita chenye alama ya N7, alama ya Shepard. Anakifuta, halafu anatabasamu.

Safari hii galaksi nyingine haipo ya kukimbilia, rangi moja lazima waitaje. Mimi nimeshaweka dau langu kwenye nyekundu, na yule shemeji anayeng'ang'ania kijani tutaonana siku likitoka. Wiki ijayo tunarudi kwenye fumanizi.